Intaneti safarini kwa anayetoka Lubumbashi: laini gani, ununue wapi, uzime nini

Anayetoka Lubumbashi kwenda Ndola, Dar es Salaam, Dubai au Guangzhou hukutana na swali lile lile kabla hata ya kufunga sanduku: mega (data ya intaneti) nitazipata wapi kule? Jibu letu ni hili: laini yako ya Kongo (+243) ibaki ndani ya simu kwa kazi moja tu, kupokea SMS. Intaneti ipite kwenye laini nyingine. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya hivyo bila kuliwa unité (salio) na bila kupoteza WhatsApp yako.

Kwanza tuiondoe dhana moja ambayo imewala watu pesa nyingi. Airtel ipo Kongo, Zambia na Tanzania. Vodacom ipo Kongo, Tanzania na Afrika Kusini. Rangi ni ile ile, jina ni lile lile, lakini kila nchi ina kampuni yake yenye leseni yake na bei zake. Forfait (kifurushi) uliyonunua kwa mama wa unité pale Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi) inalala palepale ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa. Simu itashika mnara wa Zambia, itaandika jina unalolijua, nawe utadhani uko nyumbani. Haupo nyumbani, uko kwenye romingi, yaani laini yako inatumia mtandao wa nchi nyingine, na kila MB inahesabiwa kwa bei nyingine. Vilevile Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na wapo wanaoamini kwamba hilo lilifuta bei za mpakani. Bei ya romingi hutokana na mikataba kati ya kampuni na kampuni. Punguzo ambalo kampuni yako haijakuandikia kwa SMS au kwenye programu yake, usilitegemee.

Ichunguze simu kabla ya kutoa pesa

Piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI zenye tarakimu 15. Ikitokea pia namba ndefu ya tarakimu 32 inayoitwa EID, simu yako inapokea eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya plastiki, inayoingizwa kwa msimbo wa QR. Isipotokea EID, mara nyingi hakuna eSIM, hata muuzaji akiapa. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel tunazonunua mjini hazina. iPhone zimekuwa nayo tangu XS na XR za 2018, na Samsung za daraja la juu tangu Galaxy S20, ingawa kuna tofauti kulingana na soko ambalo simu ilitengenezewa.

Kwa iPhone zilizotumika, soko hilo ndilo la kuangaliwa sana. Fungua Réglages, Général, Informations, kisha usome namba ya modeli. Ikiishia LL/A, ilitengenezewa Marekani, na kuanzia iPhone 14 ya 2022 simu za huko hazina kabisa nafasi ya kadi. Ukifika Kasumbalesa na simu ya namna hiyo, SIM ya plastiki ya barabarani haina pa kuingia. Ikiishia CH/A, ni ya China bara: mara nyingi ina nafasi mbili za plastiki lakini haina eSIM. Yaani mtu mmoja anaweza kununua kitu sahihi kabisa kwa simu ya mwenzake.

Halafu kuna kufungwa. Simu iliyouzwa kwa mkopo na kampuni ya simu ya Ulaya au Marekani inaweza kukataa laini yoyote isiyo ya kampuni hiyo. Kwenye ukurasa ule ule wa Informations tafuta mstari wa « Verrouillage opérateur »: ukisema hakuna kizuizi, uko salama. Kwa Android, ikiwa simu imeshafanya kazi na laini za kampuni mbili tofauti, haijafungwa. Lakini vuta ile sahani ya SIM uitazame vizuri. Ukikuta chini ya kadi kuna kipande chembamba kama ganda la kitunguu, chenye saketi, hiyo ni R-SIM: simu imefungwa, na fundi aliidanganya kwa kipande hicho. Hapa mjini inafanya kazi kwa sababu iliwekewa mipangilio ya laini ya hapa. Ukiweka SIM ya nchi nyingine juu yake, itaandika kwamba hakuna huduma, na eSIM haitakubali kabisa. Mwenye simu ya R-SIM aazime au anunue simu ndogo ya Android ya kugawa Wi-Fi. Hilo linagharimu kidogo kuliko kutafuta fundi ugenini.

Pima matumizi yako

Ujumbe wa maandishi hauna uzito. Simu ya sauti ya WhatsApp hula karibu nusu MB kwa dakika, ya video karibu MB 5, na mtandao ukiwa na kasi hula zaidi kwa sababu picha inajiongezea ubora yenyewe. Saa moja ya YouTube kwa ubora wa kati ni takriban MB 500. Ramani ni kidogo.

Chukua mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou siku 10 kuchagua bidhaa. Kwa siku anapiga sauti dakika 40 (MB 20), video dakika 15 ili mwenzake aone mali dukani (MB 75), anatuma picha 40 (MB 12), video fupi 10 za karibu MB 10 kila moja (MB 100), ramani na tafsiri na mengineyo MB 40. Jumla inakaribia MB 250 kwa siku, GB 2.5 kwa safari nzima. Ongeza theluthi moja kwa yale usiyoyatarajia, inakuwa kama GB 3.3, kwa hiyo nunua kifurushi cha GB 5. Sasa chukua matumizi hayo hayo kwenye romingi isiyo na kifurushi: kama bei ingekuwa dola 1 kwa MB, dakika 10 tu za video zingekuwa dola 50. Ndiyo maana tunasema uulize bei kwa MB, wala usiridhike na jibu kwamba "romingi ipo".

Kila njia na mahali pake

Romingi ya laini yako ya Kongo inafaa kwa safari ya siku moja, au unapolazimika kupatikana kwa namba yako kwa simu ya kawaida. Hapo nunua kifurushi cha romingi kabla ya kuvuka, na upate SMS inayotaja nchi unayoenda kwa jina. Kumbuka kwamba kwenye romingi hata simu unayopokea mara nyingi hulipiwa na wewe. SMS zinazoingia kwa kawaida hazilipiwi.

SIM ya plastiki ya nchi uendayo ndiyo nafuu kwa wiki moja na zaidi, hasa kwa majirani. Inakupa namba ya huko, ambayo dereva, wakala wa forodha au mwenye nyumba ataipiga bila shida.

eSIM ya wasafiri, kama za Airalo na kampuni nyingine za aina hiyo, inafaa kwa Dubai, China, na safari ya nchi nyingi. Unailipia kwa kadi ya Visa au Mastercard, na hiyo ndiyo inayowakwamisha wengi: akaunti ya pesa za simu peke yake mara nyingi haitoshi, kwa hiyo tafuta mapema kadi ya benki, hata ya kulipia kabla. Nyingi hazina namba ya simu, ni mega tupu. Zile zinazoitwa "bila kikomo" zisome kwa makini, kwani nyingi hupunguza kasi ukishapita kiasi fulani kwa siku.

Kifaa kidogo cha kugawa Wi-Fi kinachobebwa mfukoni kinafaa kundi la watu watatu na zaidi wanaotembea pamoja. Mmoja akitoka nacho kwenda sokoni, wengine wamebaki gizani. Wi-Fi ya hoteli peke yake inamtosha anayekwenda mkutano na kurudi chumbani, basi.

Zambia, na barabara ya Dar

Zambia ina MTN, Airtel na Zamtel. Laini husajiliwa kwa pasipoti. Pale Kasumbalesa, upande wa pili, utauziwa SIM "iliyo tayari", imeshasajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Inawaka mara moja, na ndiyo mvuto wake. Siku ikifungwa, au ukiipoteza ukitaka nyingine yenye namba ile ile, huna hati ya kuonyesha kwamba ni yako. Nunua kwa wakala anayekupiga picha na kuishika pasipoti yako mbele ya macho yako, usubiri mpaka upate SMS ya kuthibitisha, ujaribu kufungua ukurasa mmoja wa intaneti palepale, ndipo ulipe na kuondoka.

Anayekwenda Dar es Salaam kwa barabara anapita Kapiri Mposhi hadi Nakonde, kisha anavuka Tunduma na kuendelea kwa Mbeya. Hizo ni laini mbili za kigeni katika safari moja. Usinunue kifurushi kikubwa cha Zambia cha siku 30 kwa sababu tu ni rahisi, kitakufia Nakonde. Tanzania laini husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo mtu mwingine hawezi kukununulia kwa niaba yako kihalali. Ukimaliza kusajiliwa, piga *106# uone namba zilizo chini ya hati yako. Ukiona namba usiyoijua, wakala amekusajilia na ya mtu mwingine: dai iondolewe kabla hujatoka dukani. Usishangae pia jina Yas, ndiyo iliyokuwa Tigo mpaka 2024.

Afrika Kusini sheria inayoitwa RICA inadai pasipoti pamoja na uthibitisho wa anwani. Omba barua ya hoteli au ya mwenyeji wako kabla hujatoka kwenda dukani, si baada ya kurudishwa.

Dubai

Kampuni za e& (iliyojulikana kama Etisalat) na du huuza laini za wageni uwanjani na kwenye maduka yao, kwa pasipoti. Intaneti ni ya kasi sana. Kinachowashangaza wageni ni kwamba simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa. Maandishi, picha na sauti zilizorekodiwa hupita vizuri. Simu inaita, inapokewa, halafu kimya. Wewe unamlaumu mwenzako wa Lubumbashi kwamba mtandao wake ni mbovu. Programu ya Botim inaruhusiwa huko, lakini lazima na mwenzako awe nayo, kwa hiyo muwekee kabla ya kuondoka. eSIM ya nje mara nyingi huruhusu simu hizo kwa sababu data yake hutokea nchi nyingine, ila usiifanye ahadi kwa mteja.

China

Hapa uchaguzi ni mzito kuliko kwingine kote. Ukinunua SIM ya China Mobile, China Unicom au China Telecom, utasajiliwa kwa pasipoti na picha ya uso, na WhatsApp, Gmail, ramani za Google, Facebook na YouTube hazitafunguka. Wi-Fi ya hoteli iko vivyo hivyo. Laini ya nje iliyo kwenye romingi, pamoja na eSIM za wasafiri, hupitisha data yake nje ya China, na ndiyo sababu WhatsApp hufanya kazi juu yake. Kwa siku 10 za sokoni, eSIM ya nje inatosha. Kwa miezi, chukua zote mbili: eSIM kwa ajili ya nyumbani, SIM ya huko kwa ajili ya teksi, mizigo na wauzaji wanaotaka namba ya +86.

WeChat ifunguliwe ukiwa bado Lubumbashi. Akaunti mpya mara nyingi hudai mtumiaji wa zamani akuthibitishe kwa simu yake, na mtu huyo ni rahisi kumpata kati ya wafanyabiashara wenzako mjini kuliko kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Alipay nayo hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Isajili mapema, SMS ya kuthibitisha ikija ukiwa na mtandao wako wa kawaida.

Siku mbili kabla ya kuondoka

1. Weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp, pamoja na barua pepe. Ukiweka SIM mpya baadaye na WhatsApp ikakuuliza kama unabadili namba, kataa. Akaunti inabaki kwenye +243 hata kama mega zinatoka laini nyingine.

2. Kwenye WhatsApp fungua Paramètres, Stockage et données. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwa data ya simu na kwa « itinérance » (romingi), kisha washa matumizi madogo ya data kwa simu. Zima na video zinazojicheza zenyewe kwenye Facebook.

3. Piga ##002# kwenye laini ya +243. Inafuta uhamishaji wote wa simu. Usipofanya hivyo, simu usiyoipokea ukiwa nje inaweza kurudishwa Kongo kwenye boksi la sauti, na ukalipia safari zote mbili.

4. Iweke eSIM ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Msimbo wa QR unakuja kwa barua pepe ndani ya simu ile ile, na kamera ya simu haiwezi kujipiga kioo chake. Utume kwenye simu ya ndugu yako au uchapishe kwenye karatasi, ndipo uelekeze kamera. Simu nyingine zinakubali kuandika anwani ya SM-DP+ (seva inayotoa eSIM) na msimbo kwa mkono. Nakili herufi kwa herufi, maana 0 na O zinafanana. Kwanza soma kama siku zinaanza kuhesabiwa ukiiweka au ukishika mnara wa nchi uendayo.

5. Ipe kila laini jina: "Kongo" na "Safari". Simu ikitoka kiwandani huziita SIM 1 na SIM 2, na saa ya uchovu uwanjani utachanganya.

6. Pakua ramani ya mji kwa matumizi bila mtandao, na piga picha ya anwani ya hoteli kwa maandishi ya huko.

7. Zima sasisho za moja kwa moja na hifadhi ya picha za wingu kwa data ya simu. Hizo hula GB nzima usiku ukiwa umelala.

Swichi mbili

Makosa mengi tunayoyajua yanaishia hapa. Laini ya +243: romingi ya data IZIMWE. Laini ya eSIM ya wasafiri: romingi ya data IWASHWE. Watu huzima zote mbili kwa woga, kisha hulalamika kwamba eSIM ni ya uongo. eSIM hiyo kwa asili yake ni laini ya nchi nyingine inayotembea. Bila romingi haina mahali pa kushika. SIM ya plastiki ya nchi uliyopo haihitaji romingi.

Kwenye Samsung ya Kifaransa utaikuta chini ya Connexions, Réseaux mobiles, « Itinérance des données ». Kwenye iPhone inaitwa « Données à l'étranger », ndani ya kila laini. iPhone ina mtego wa ziada: ruhusa ya kubadilisha laini ya data yenyewe, « basculement ». Ikiwa imewashwa, eSIM ikipoteza mtandao dakika mbili, simu inaweza kugeukia laini ya Kongo bila kukuuliza. Izime. Ujue pia kwamba iPhone hutuma kimyakimya SMS ya kimataifa kuwasha iMessage inapoona laini mpya. Unité kidogo ikikatika, chanzo chaweza kuwa hicho.

Ndani ya ndege usiitoe simu kwenye hali ya ndege. Ndege nyingine zina mnara wao mdogo, na bei yake haina huruma. Ukipita Addis Ababa kwa saa tatu, tumia Wi-Fi ya uwanja.

Ikigoma

Minara inaonekana, intaneti haipo: angalia APN, yaani jina la mlango wa data. Simu hubaki na la Kongo. Fungua « Noms des points d'accès », andika lile alilokupa muuzaji, hifadhi, kisha izime simu na kuiwasha tena. Omba APN hiyo ukiwa bado dukani.

Hakuna mnara kabisa: toka kwenye uchaguzi wa moja kwa moja wa mtandao, subiri dakika mbili au tatu orodha ijae, chagua mtandao ambao mtoaji wa laini ameutaja. Usiifute eSIM eti uiweke upya. Misimbo mingi hutumika mara moja tu, na ukiifuta umenunua hewa.

Kifurushi kimeisha mapema: uliza kama "siku 1" maana yake saa 24 au mpaka usiku wa manane. Ukinunua jioni, tofauti ni kubwa.

SIM haitoki: kadi ya nano ni milimita 12.3 kwa 8.8. Kadi kubwa iliyokatwa kwa mkasi, au iliyowekwa na adapta, hukwama. Usivute kwa nguvu. SIM ya Kongo ukiitoa, ibandike kwa skochi ndani ya jalada la pasipoti, maana kwenye waleti itadondoka siku unapotoa sarafu.

Kwa wanafunzi na wanaokaa nje kwa miezi, laini ya kulipia kabla isiyotumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, pamoja na SMS zako za benki. Muulize mtoa huduma muda wake, na mwachie ndugu nyumbani kazi ya kuitia unité. Ukirudi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kabla hujawasha data, rudisha uchaguzi wa mtandao kuwa wa moja kwa moja na uirudishe APN ya Kongo. Anayerudi kwa barabara afanye hivyo baada ya kupita Kasumbalesa kabisa, si kwenye foleni ya malori, kwa sababu hapo simu bado inaweza kuivuta minara ya Zambia.